Picha Nne za Pasipoti, Newala

Chama cha msingi wametaka picha:
ndogo, kitambaa cha buluu nyuma, masikio yote mawili yaonekane,
ndipo fedha ya korosho ipite benki.
Nikavaa gauni la Iddi. Kilemba nikakifunga, nikakifungua, nikakifunga.
Nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki
(pikipiki yenyewe, ya kaka, ilifia mteremko wa Kitangari;
kioo kikapona, kikaja kupigiliwa mlangoni kwangu)
nikaona naam, Somoe huyu hapa.
Nikatoka.

Studio ya Liheta ipo nyuma ya stendi,
chumba cha bati, ukungu unaingia bila hodi.
"Inua kidevu, mama. Usicheke. Na usinune."
Sasa asiyecheka wala asiyenuna ni mtu wa namna gani?
Mwanga ukapiga.
Mashine ikakohoa, ikatema karatasi.

Nikamrudishia.
"Hizi za mwingine, mwanangu. Labda za dada yangu,
ingawa dada sina."

Maana kovu langu nalijua.
Mwaka ule tunakaanga korosho uani
ganda lilipasuka, likanitemea shavuni,
na mafuta ya ganda hayaombi radhi.
Miaka thelathini kovu limekaa kushoto.
Kila alfajiri nalikuta kushoto, nalipaka mafuta, tunaagana.
Kwenye picha limehamia kulia!
Jicho lililolegea ni lile jingine,
na mdomo umeinamia upande
ambao kwangu haujawahi kuinamia.
"Umenigeuza," nikamwambia.

Hakucheka. Kwa hilo namshukuru.
Alichukua karatasi, akaandika jina langu kwa kalamu nene,
akalionyesha kwenye kioo cha kuchania wateja.
SOMOE.
Katikati likabaki lilivyo, O na M na O,
ila herufi za pembeni zilihamiana nyumba,
tena zimegeuziana migongo.
"Anayekugeuza ni kioo, mama. Mimi nimekuacha ulivyo.
Huyu ndiye tunayemwona sisi."

Sisi.
Nikakaa kwenye benchi.

Nilimkumbuka mama akinisuka
mbele ya kabati la jirani, lenye kioo mlangoni.
Niliinua macho nikamwona mle ndani, uso umepinda,
kama mgeni aliyeazima ngozi ya mama.
Nikageuka haraka kumhakiki.
Akanipiga kitana: tulia!

Nikamkumbuka na Mchopa,
kabla hajavuka Ruvuma kumfuata yule mwingine.
Jioni akipenda kukaa upande wa kovu,
anasema huku ndiko ninakoanza kucheka,
kule kwingine kunafuata baadaye.
Nami nikimbishia,
nakwenda mlangoni, narudi na ushahidi wa kioo.
Miaka kumi na tisa ya ubishi,
na tulikuwa tunazungumzia wanawake wawili.

Kumbe uso ninaouosha,
ninaousemesha nikiwa peke yangu,
niliouonea haya ukiota mikunjo,
hakuna aliyewahi kuuona.
Wanangu wakikutana nao njiani
watasita kuuamkia.
Siku nikifa utakwenda bila matanga,
maana nani ataulilia asiyeujua?

Nyumbani nikainua picha mbele ya kioo cha pikipiki.
Mle ndani kovu likarudi kushoto, mdomo ukakaa pake.
Nikamwona Somoe wangu, mdogo kama stempu,
na pembeni yake mwingine, mkubwa, kilemba kimelegea.
Tukatazamana watatu
mpaka sufuria ikaungua.

Asubuhi karani wa chama aliishika picha kwa kucha.
Akaitazama. Akanitazama mimi.
Sikucheka. Sikununa.
"Ndiye," akasema, akagonga muhuri,
wala hakusita.