Tanzia ya Lifti

Imekufa tena.
Nimetoka kazini, vifundo vimevimba kama maandazi,
mkononi mchele kilo tano, na kwangu
ni ghorofa ya kumi na moja. Glasgow,
mvua inanyesha ubavu ubavu.

Mlangoni karatasi ya manispaa: *Tunaomba radhi.*
Chini yake Zbigniew wa ghorofa ya tisa
kaandika kwa penseli nene ya useremala:
*Marehemu ameacha vidato mia na tisini na nane.*

Nilikuwa na tusi tayari, la Kitanga, limeiva.
Likageuka kicheko njiani.
Nikaazima kalamu kwa mleta pizza, naye anahema, nikaongeza:
*Matanga kwa Morag, ghorofa ya nne.*

Utani tu. Lakini ghorofa ya nne namkuta
Morag, miaka sabini na sita, goti la chuma,
amekaa ngazini na kofia nyeusi ya mazishi,
chupa ya chai mapajani.
"Nilimpenda," anasema, "ila alikuwa ananuka."

Hapo mfuko wangu ukapasuka.
Mchele, kidato kwa kidato, mpaka chini.
"Huo wa harusi, mwanangu. Umekosea shughuli."
Tukacheka, mbavu zikauma kuliko magoti,
tukaokota punje kwa vikombe vya chai.
Nyingine zipo bado.

Alhamisi fundi akaja, maiti akafufuka.
Tukapanda watatu, kimya,
macho kwenye namba kama wageni.
Ghorofa ya tatu Zbigniew akaweka sikio ukutani,
akanong'ona:
"Inapumua?"