Marudio

Julai, Mbeya. Baridi inakwaruza mabati ya Iyunga
nami nahesabu viti vya kuazima:
arobaini na viwili vya Wamoraviani,
kumi na vinane vya mama wa maharusi kule Soweto
(kimoja mguu mbovu, alinionyesha mapema, tusije tukasingiziana),
na mabenchi ya chuo, ambayo hayahesabiki,
benchi hubeba watu kadiri ya urafiki wao.

Mkutano wetu wa tatu wa wanahifadhidata.
Wa kwanza tulikuwa kumi na mmoja, na mmoja wetu
alikuwa fundi wa jenereta anayesubiri malipo.

Jana usiku, saa saba, blanketi mabegani,
nilisafisha orodha ya waliojiandikisha.
Ndiyo kazi yangu, na ndiyo mada yangu:
Usafi wa Data, mzungumzaji Gwakisa Mwasandube.
Nikaona: Subilaga Mwaipaja.
Chini yake: Subilaga Mwaipaja.
Namba ya simu ileile hadi tarakimu ya mwisho.
Marudio, nikasema. Nikafuta mstari mmoja
kama mtu apangusavyo ukungu kwenye kioo,
nikalala usingizi wa mwadilifu.

Asubuhi Ambilikile anapigana na projekta
inayoonyesha dunia nzima kwa rangi ya samawati.
Chai ya tangawizi imewahi, maandazi yamechelewa,
na Sanga wa Makete ametuma ujumbe:
basi limelala Chimala, gurudumu, nakuja,
msimpe mtu nafasi yangu.

Mlangoni, wanawake wawili. Kadi moja.
Mmoja mwanafunzi, sweta la chuo limemzidi mikono.
Mwingine shangazi yake, karani wa mizani
kwenye banda la kupokelea majani ya chai, juu ya Tukuyu.
Jina moja, kwa kuwa msichana alirithishwa.
Simu moja, kwa kuwa ya pili ilitumbukia ndoo ya maziwa.
"Sasa mimi ni nani?" akauliza shangazi,
si kwa hasira, kwa sauti ya karani
anayeona mshale haujarudi kwenye sifuri.

Nikamwandikia kadi kwa kalamu ya wino mzito.
Wino ukavuja. Akaivaa hivyohivyo.

Nilipopanda kuzungumza, ukurasa wangu wa kwanza
ulisema kwa herufi kubwa: ONDOA MARUDIO.
Nikautazama. Watu wakautazama.
Nikaeleza nilichofanya usiku, na wakacheka,
na nikawaacha wacheke mpaka waishiwe.

Kisha shangazi akanyoosha mkono, daftari kifuani.
"Mimi nina akina Anyosisye watatu humu.
Wa kisimani. Wa jirani na mchungaji.
Wa tatu tulimzika Machi,
ila mkewe bado analeta majani kwa jina lake,
na malipo yanatoka, na watoto wanakula.
Kwenye kompyuta zenu
huyo ni mstari upi?"

Ufunguo wa msingi ninaujua. Faharasa ninazijua.
Nilifungua mdomo, na mvuke wa baridi ndio uliotoka.

Hapo Sanga akaingia, matope hadi magotini,
akadhani ukimya ule ni wa kumlaki yeye,
akainama kwa heshima.

Jioni tulirudisha viti. Hamsini na tisa.
Cha sitini tulikikuta kwa mlinzi, kile cha mguu mbovu,
amekiegemeza ukutani na kulala juu yake kwa ustadi.

Nikafungua orodha, nikaandika upya nilichofuta.
Kompyuta ikauliza: mstari kama huu upo. Una uhakika?
Nikabonyeza ndiyo, vidole vimekufa ganzi.

Halafu, ratiba ya mwaka ujao ikiwa bado tupu,
nikaweka mzungumzaji wa kwanza: Subilaga Mwaipaja.
Ambilikile akachungulia juu ya bega langu,
viti vinne kila mkono.
"Yupi?"