Jogoo wa Ponda Mali

Afisa Tuwei amekuja tena na ile karatasi,
muhuri wa kaunti bado haujakauka vizuri.
Kifungu fulani, asema, kinakataza kuku
ndani ya mipaka ya jiji la Nakuru.
Jiji! Tulilala mjini, tukaamkia jijini,
na hakuna aliyewauliza kuku.

Ploti ni yangu. Hati iko chini ya godoro,
imefungwa kwa leso ya marehemu mama.
Niliilipia kwa sukuma wiki miaka kumi na mmoja,
kila noti ikinuka majani.
Kumbe nilinunua udongo tu;
sauti iliyo juu yake si yangu.

"Mayai hayana shida," Tuwei asema, akishusha sauti.
"Shida ni huyu anayewika."
Jirani amelalamika. Hamtaji.
Namjua. Kanisa lake lina spika nne,
zinakesha Ijumaa hadi mabati yangu yatetemeke,
na hizo zina kibali.

Nikamwonyesha jogoo. Mwekundu, kilemba kimepasuka
tangu vita vyake na paka wa Nyaboke.
Tukamtazama, mimi na serikali,
naye akatutazama kwa jicho moja, kisha la pili.

Siku saba, imeandikwa.
Tuwei akafunika kalamu, akasita mlangoni:
"Mama, haya ya kienyeji unauza pesa ngapi?"
Nikamfungia nusu trei kwa gazeti.
Akalipa. Hakuomba risiti.

Alfajiri jogoo akawika.
Zimebaki sita.