Meno ya Mchwa

Kitabu kilifika Wete hakina jalada,
kimeshonwa kwa uzi wa kofia,
na mchwa walishakula kurasa tatu za mwisho.
Tulikisoma kwa zamu: Shaame, mie,
na Bi Mtumwa aliyestaafu posta.

Jasusi wa mle alikuwa na kikohozi,
viatu vimelika visigino.
Sura nzima ya saba kakaa dirishani
anahesabu nani kaingia duka la mkabala, nani katoka,
na chai yake ikapoa.
Basi.

Filamu ilipokuja tukenda Chake kuitazama,
angalau tuujue mwisho.

La haula! Kikohozi kimepona.
Dirisha kalivunja kwa bega, kaparamia paa,
gari tatu zimewaka moto hatujamaliza njugu.
Mkewe, ambaye kitabuni humwandikia barua kisha huzichana,
wamemgeuza kimwana, kavaa nguo za kuogelea.

"Wamechukua jina tu," Shaame akafoka,
"nyama wamewatupia paka."

Bi Mtumwa kimya, njia nzima.
Tulipokaribia kwake ndipo akasema:
"Pale posta, zamani, alikuwapo mmoja
akifungua barua za watu kwa mvuke wa birika.
Sikumwona akikimbia hata siku moja.
Akiniamkia. Akiwauliza wanangu kwa majina.
Huyo nani atalipa kiingilio kumtazama?"

Kitabu sasa ninacho mie.
Mwisho wa filamu siutaki,
na ule mwingine siujui.
Nikifika penye meno ya mchwa
nasikia birika linachemka.