Jiwe la Robo

Deni alizaa usiku wa mvua, nyuma ya magunia,
saba, na wa saba alikuja kumekucha
wakati nimeshadhani amemaliza
na niko nje naanika nyavu.

Dogo. Sikio moja limekunjika kama tiketi ya kivuko.
Shemeji Bugumba akamtazama, akasema,
"Hiyo ni chenji. Pesa yenyewe imeshapita."
Jina likabaki hapo hapo.

Mimi ni mtu wa mizani, napima dagaa hapa Igombe
mwaka wa kumi na nne; macho yangu siyaamini.
Nikaosha sahani, nikaweka jiwe la robo upande huu,
nikawapandisha mmoja mmoja upande ule.
Sita waliliinua jiwe. Pipa, wa kwanza kuzaliwa,
aliliinua kwa kishindo, akakojolea sahani.
Chenji akapanda. Jiwe halikujua kama kuna mtu.

Nikamjazia dagaa, kidogo kidogo,
hadi ulimi wa mizani ukasimama katikati:
viganja viwili.
Viganja viwili vya dagaa wakavu,
ndivyo alivyopungukiwa na dunia
asubuhi ya kwanza.

Bwana mifugo alipita na buti zake za mvua,
hakuzima hata pikipiki. "Udogo si ugonjwa," alisema.
"Mshike tumbo. Akiwa wa baridi usimpe maziwa,
tumbo la baridi halisagi kitu. Mpashe kwanza.
Kisha mweke chuchu za nyuma, kule kwenye neema,
na uwazuie wale mabwana.
Umpime kila siku. Asiyepanda, huyo ndiye mgonjwa."
Akaondoka, akatuachia moshi.

Basi nikawa yaya. Chupa ya maji moto ndani ya soksi
ya mwanangu Ng'wasi; simu inaniamsha saa nane usiku,
huko ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga
kama mtaa usiodaiwa kodi.
Namshika Pipa shingoni, namvuta nyuma,
"Ngoja, bwana, mwenzio hajala,"
naye anaguna kama diwani aliyekatizwa hotuba.

Siku ya tatu, kiganja kimoja na nusu.
Siku ya nne, kilekile; sikulala.
Siku ya sita, dagaa kumi na tisa. Niliwahesabu.
Siku ya nane Ng'wasi aliniita kwa kelele,
jiwe la robo linaning'inia juu
na kwa Chenji hakuna dagaa hata mmoja.
Tulicheka hadi Mama Nyanzala akaja kuuliza
nani kashinda.

Sasa niseme lile ninalolikwepa.
Hakuna aliyempima Pipa.
Mnene hapimwi. Mnene hupigwapigwa mgongoni,
anatafutiwa mnunuzi; fundi boti wa Kayenze
alikuwa ameshatoa nusu ya bei.
Siku ya kumi alilala kando ya wenzake, si juu yao.
Nikasema ameshiba.
Usiku ule mkono wangu ukimtafuta Chenji gizani
ukamgusa yeye, na alikuwa wa baridi
kama kokoto ya chini ya maji.
Nikampandisha kwenye mizani, tochi mdomoni.
Ndugu zake waliliinua jiwe la nusu mchana uleule.
Yeye nikamjazia dagaa, nikamjazia:
viganja vitatu.

Tulimpasha. Soksi ileile.
Alfajiri haikumkuta.

Bwana mifugo alisema labda moyo, labda mapafu,
mengine mtu huzaliwa nayo na kwa nje hayaonekani.
Labda. Nilimrudishia fundi boti pesa zake,
hakuzihesabu.

Chenji ana mwaka sasa. Bado mfupi,
dada yake akija kutoka Sangabuye
anampita chini ya tumbo bila kuinama.
Lakini anakula, na asubuhi anawatimua korongo
kwenye turubai za dagaa, vipara vyao huko juu,
nao wanaondoka, polepole, kwa kinyongo.
Wateja wanauliza kwa nini napima kila mtoto wa mbwa
anayezaliwa mtaani, hata walionona manyoya yanameta.
Nasema mazoea.
Nafuta sahani kwa kanga, naweka jiwe,
nangoja ulimi utulie.