Maharage Matano

Jumatano saa kumi na moja jioni, Isevya,
nyuma ya karakana ya Kapembe seremala,
nafuta ubao kwa kanga iliyochakaa
na kumgawia kila mtu maharage matano.
Ukisema sentensi ya Kiingereza, weka moja bakulini.
Yakiisha, nyamaza, sikiliza wenzako.
Yasipoisha, huendi nyumbani.

Hawa si wa kufundishwa salamu.
Nyamizi ni muuguzi, anajua majina ya mifupa yote.
Lutego wa stesheni ameisoma kamusi mpaka herufi ya M.
Chausiku anaandika barua za kuomba kazi
zisizo na kosa hata la mkato.
Kanuni wanazo, zimepangwa vichwani
kama vyombo vya wageni kabatini:
vinang'aa, havijaonja chai.

Kwa hiyo maharage.

Lutego aliyamaliza yake kabla sijakaa.
Ikabidi asikilize, akitafuna ncha ya kalamu
kama mbuzi aliyefungwa kando ya shamba la mahindi.
Chausiku aliyapanga mstari, akayahesabu,
akayahesabu tena.
Ng'ambo ya ukuta mashine ilikuwa inaparuza mninga,
vumbi la mbao likipita chini ya mlango
na kutua juu ya vitenzi vyangu.

Mada niliiandika kwa chaki ya bluu: Jambo Lisilokuwa.
Yale masharti ya tatu, yenye mkia mrefu,
ya maji yaliyokwisha kumwagika.
Kama nisingalizaliwa Urambo.
Kama ningalimkubali yule wa Nzega.
Tulicheka. Nyamizi aliolewa mara tatu
katika dakika tano, bila mahari.

Mihayo hakucheka. Mihayo wa asali,
anayekuja kwa pikipiki kutoka Sikonge
ili siku moja aongee mwenyewe na wanunuzi,
dalali asiingize kijiko.
Miezi miwili alikuwa anaondoka wa mwisho,
akidondosha sentensi zake mlangoni kama anayelipa deni:
Leo ni Jumatano. Mvua haikunyesha. Nimechoka.

Siku hiyo alisimama, akayamwaga yote matano kwa mpigo.
Bakuli la bati likashtuka.
Akasema, kwa Kiingereza cha mtu anayevuka mto kwa mawe:
Treni ikiwahi, nitamkuta mama.
Treni ikiwahi, ataniambia nani anatudai mizinga.
Treni ikiwahi, atakuwa amekaa kitandani
ananisuta kwa kuchelewa.

Sote tulichangia msiba ule. Mama alifia Mpanda,
na treni ililala Kaliua usiku kucha.

Chausiku, ambaye hawezi kuliacha kosa lipite,
akanyoosha mkono: "Ni ngali, si ki. Treni haikuwahi."
"Najua," akasema Mihayo. "Ngali naijua.
Leo sikuitaka."

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi.
Miaka kumi na tisa nafundisha milango hii miwili,
huu wa yawezekana, huu wa haiwezekani tena,
na sisi wenyewe, katika lugha tuliyoinyonya,
nge na ngali tunazichanganya sokoni
na hakuna anayefilisika.
Ningesema kitu. Ningalisema kitu.
Kalamu nikaichomeka nyweleni.

Lutego, asiye na harage hata moja,
akamwomba Chausiku amkopeshe.
Akamgeukia Mihayo, kwa Kiingereza safi cha kukata tiketi:
"Na akikusuta, utamjibu nini?"

Wakaendelea hivyo, ki kwa ki,
maharage yakitoka kiganja hadi kiganja,
sheria yangu imekwisha kufa,
mpaka Kapembe akazima mashine, akagonga ukuta:
umeme ni wa kununua, mwalimu!

Nikabaki kuhesabu. Watu kumi na wawili, sitini.
Yalikuwa hamsini na tisa.
Niliinama chini ya madawati,
nikapekua vumbi la mninga. Sikuliona.

Jambo Lisilokuwa nikalifuta.
Chaki ya bluu haifutiki vizuri.
Juu yake nikaandika: Wiki ijayo, vihusishi.
Ndani ya. Kando ya. Baada ya.