Sifuri ya Jumatatu

Kazi yangu mimi ni kupokea sifuri.
Kila Jumatatu, kabla ya saa sita mchana,
vituo arobaini na kimoja vya mkoa wa Naryn
vinanipigia simu kuniambia hakuna kitu.

Surua?
Sifuri.
Dondakoo?
Sifuri.
Mtoto aliyepooza ghafla?
Sifuri, kaka, na theluji imefika dirishani.

Watu hudhani sifuri ni rahisi.
Burulsun wa kituo cha Ak-Jylga
hupanda farasi hadi kilimani penye mtandao,
akavua glavu kwa meno,
ndipo anipe sifuri yake, ingali na jasho la farasi.
Nami huizungusha taratibu kwa kalamu,
iwe kama lile tundu la paa la hema la sufu
ambamo moshi hutokea,
na aliyelala chali huhakikisha kwamba mbingu ingalipo.

Wakubwa wa Bishkek wanapenda ramani.
Sisi tumepakwa kijani: asilimia tisini na sita
ya watoto wamechanjwa.
Mkuu wangu, Mederbek, ameitundika ukutani
kando ya kalenda ya kiwanda cha maziwa.
Siku moja nikamuuliza Burulsun:
hao wanne wako wapi?
Akacheka. "Asilimia haitoki kamasi.
Mimi nina watoto hamsini, wawili hawana chanjo.
Mmoja, baba yake ameapa sindano haivuki kizingiti chake.
Wa pili namfuata tangu majani yapukutike;
nikifika, nakuta majivu ya moto na mavi ya kondoo."

Jumatatu ya pili ya Machi hakupiga.
Saa sita. Saa nane. Saa kumi.
"Andika sifuri tufunge hesabu," alisema Mederbek,
"kule hakujatokea jambo tangu nizaliwe."
Nikakitazama kile kisanduku cheupe.
Sifuri ni mtu aliyetazama, akasema sioni.
Kimya je, ni nani?
Wahenga walimwonya mficha maradhi;
hawakujua kuwa maradhi nayo hujificha
nyuma ya simu isiyo na chaji.
Nikaandika HAIJAFIKA, kwa wino mwekundu.
Ramani ikapata doa,
na Mederbek hakunisemesha hadi jioni.

Jumatano, saa moja asubuhi.
Upepo kwanza, kisha yeye.
"Surua. Nashuku. Mmoja."
Rudia, nikasema.
"Mmoja, kaka. Anaitwa Ayperi, miaka mitatu.
Macho mekundu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio.
Hayumo kwenye daftari langu.
Hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.
Wamevuka mlima na kondoo wao mwezi uliopita."

Kwa hiyo hakuwa hata miongoni mwa wale wanne.

Damu yake ilishuka bondeni ndani ya kisanduku cha barafu,
mapajani mwa utingo wa lori la makaa ya mawe,
kipimajoto kikisoma nne, tano, nne.
Chanjo zikapanda kwa njia ileile.
Siku tisa Burulsun alikwenda zizi kwa zizi
na swali moja tu: nani mwingine analala hapa?
Yule baba aliyeapa alimkaribisha chai.
Siku ya kwanza, chai tu.
Siku ya nne alimleta mwanawe mwenyewe,
hakusema neno, akageukia ukuta.

Wagonjwa wote, saba. Nimeandika saba.
Ayperi amepona, ila sikio la kushoto limekuwa zito.
Hilo halina kisanduku kwenye fomu;
nimeliandika pembeni, kwa penseli.

Ramani imerudi kuwa kijani.
Jumatatu hii amepiga saa nne.
Surua?
Namsikia farasi akipumua.
"Ngoja," anasema,
"nihesabu tena."